Mwache farasi na masharubu yake



Leo nataka tuzungumze juu ya masharubu ya farasi. Najua wako watakaoinuka papo hapo kwenda kuzima redio. "Masharubu ya farasi! Mimi sina hata punda, na nauli ya matatu ya kesho sijui itatoka wapi." Subiri kidogo, ndugu yangu. Mimi pia sina farasi, wala sitarajii kuwa naye. Lakini Jumapili iliyopita jambo hili la masharubu liliwagombanisha watu wawili ninaowapenda, mzee na mjukuu wake, hata mzee akaacha chakula mezani akatoka nje. Jambo linalomfanya mzee aliyepita miaka 80 aache ugali na kuku wa kienyeji haliwezi kuwa dogo.

Mzee mwenyewe ni mjomba wangu, kaka yake mama. Alikuwa saisi. Vijana wa siku hizi huenda hawalijui neno hili, kwa hiyo nieleze. Saisi ni mtunzaji wa farasi. Ndiye anayemlisha, anayemsugua kwa brashi, anayezoa mavi yake alfajiri na kumtandika saa ya kupandwa ikifika. Mwenye farasi humwona farasi wake akiwa amekwisha kuwa safi. Saisi humwona vile alivyoamka. Mjomba aliifanya kazi hiyo kwa miaka 31 katika mabanda ya farasi upande wa Karen, hapa Nairobi. Sasa mjukuu wake ameirithi. Ni kijana wa miaka 22, naye anafanya kazi hiyo hiyo, ingawa si mahali pale pale.

Basi tulikuwa tunakula, kijana akasema, kwa nia njema kabisa, kwamba kazini kwao wamekatazwa kuwanyoa farasi masharubu. Akasema daktari wa mifugo aliwakusanya akawaeleza kwamba nywele zile ni viungo vya kuhisi, na kwamba kuzikata ni kama kumfunga mtu vidole kwa kitambaa halafu ukamtuma sokoni. Kisha akaongeza maneno ambayo nadhani hakuyapima: "Kumbe zamani mlikuwa mnawatesa, babu."

Mjomba aliliweka tonge chini. "Nimelala mabandani na farasi," akasema. "Nimekesha nao wakiumwa tumbo, nikiwatembeza gizani hadi alfajiri. Leo wewe, uliyewajua juzi, unaniambia mimi ni mtesaji?" Akanawa mikono, akatoka, akaenda kuketi chini ya mparachichi.

Nami nikabaki natazama sahani yangu, kwa sababu ambayo kijana hakuijua. Hata mimi nimewahi kumnyoa farasi masharubu, na aliyenipa mkasi alikuwa mjomba.

Ilikuwa likizo ya Agosti mwaka 1974. Nilikuwa na miaka 13, na mama alinipeleka kwa kaka yake nimsaidie kazi ili nipate senti za kununulia sare ya shule. Nilizoea upesi. Kazi ya kumsafisha farasi ina utaratibu wake, nao mjomba hakuruhusu uvunjwe. Kwanza kwato, unazichokoa matope na vijiwe kwa ndoano ya chuma. Kisha brashi ngumu ya kutoa vumbi, kisha brashi laini ya kufuata malaika ya mwili, kisha kitambaa. Singa za shingo zilichanwa, na kama kulikuwa na mashindano, zilisukwa vifundo vidogo vidogo. Mwisho kabisa ulikuja uso.

Siku moja kabla ya mashindano, mjomba alinipa mkasi akanionyesha uso wa farasi jike mmoja wa rangi ya kahawia, tukimwita Malkia. "Waamuzi wanataka uso uwe laini kama sahani," akaniambia. "Ondoa hizo nywele zote ndefu."

Malkia alikuwa mpole. Ungeweza kumwinua mguu, kumvuta mkia, kumfunga tandiko, asijali. Lakini mkasi ulipogusa nywele za mdomo wake alivuta kichwa. Mjomba akamshika hatamu, akawa anamsemesha polepole, nami nikakata. Nilianza na zile za mdomo wa juu, nikaja kidevuni, kisha nikaambiwa nimalizie na zile ndefu zilizo juu na chini ya jicho. Zilianguka kiganjani mwangu, ngumu kama nyuzi za mshipi wa kuvulia samaki. Tulipomaliza, kweli alipendeza.

Jioni nilimpelekea maji. Giza lilikuwa limeanza kuingia. Kila siku Malkia alikuwa na mtindo wake wa kunywa: hushusha kichwa taratibu, husita kidogo juu ya maji, kisha huweka midomo kwa utulivu kama mama anayeonja mchuzi. Jioni ile alizamisha pua nzima. Alishtuka, akarusha kichwa nyuma, akapiga chafya, na aliporudi akajigonga kwenye ukingo wa ndoo. Baada ya hapo alisimama mbali na ndoo akiitazama kwa jicho moja, kama mtu aliyedanganywa.

Nikamwuliza mjomba ana nini. Hakunijibu mara moja. Kisha akasema neno moja tu: "Atazoea."

Na alizoea. Kesho yake alipata utepe wa nafasi ya pili, nami nikapewa shilingi tano.

Nataka niwe mkweli kwako, msikilizaji. Jioni moja ya farasi mmoja si ushahidi wa kumhukumu mtu. Huenda Malkia alishtushwa na jambo jingine kabisa. Basi tumwache kwanza, tutazame mambo yanayojulikana juu ya nywele hizi.

Nitaziita masharubu, ingawa nyingine ziko kidevuni na nyingine kandokando ya macho. Si nywele kama zile za mgongoni au za mkiani. Ni nene zaidi, na mzizi wake umezama ndani zaidi ya ngozi. Mzizi huo umezungukwa na kifuko kidogo chenye damu, na katika kifuko hicho zimejaa ncha za mishipa ya fahamu. Unywele ukiguswa, hata na jani la nyasi, mzizi hutikisika, damu iliyomo katika kifuko husukumwa, na zile ncha hupeleka habari ubongoni. Mtoto wa farasi huzaliwa akiwa nazo tayari. Anapoyumbayumba kwa miguu yake mirefu akitafuta titi la mama yake kwa mara ya kwanza, masharubu yake yako kazini.

Kwa nini farasi anayahitaji? Mtazame macho yake. Yako pembeni mwa kichwa, si mbele kama yako na yangu. Mnyama wa nyikani, anayewindwa na simba na mbwa mwitu, anahitaji kuona kila upande, na farasi huona karibu duara zima bila ya kugeuza shingo. Lakini faida hiyo ina gharama yake. Kuna mahali ambapo hawezi kuona, napo ni mbele ya paji lake la uso na chini ya pua yake. Maana yake ni kwamba farasi hauoni mdomo wake mwenyewe. Hayaoni majani katika nukta ile anapoyang'ata, wala hayaoni maji katika nukta ile midomo inapoyagusa. Kutoka jicho hadi ncha ya pua ni karibu dhiraa nzima, na safari hiyo ya mwisho anaimaliza kwa kupapasa. Anapapasa kwa midomo na kwa masharubu.

Zile nywele za machoni zina kazi nyingine. Gizani, kabla jicho halijafika penye ukuta au tawi au msumari uliochomoza, unywele umekwisha fika. Farasi hufumba jicho au huvuta kichwa. Macho ya farasi ni makubwa na yametokeza nje, na kila saisi anajua hasara ya jicho lililotobolewa.

Sasa wako wanaosema: unywele ni kitu kisicho na uhai, ukiukata hakuna damu, hakuna maumivu, basi ubaya uko wapi? Ni kweli, unywele wenyewe hauna fahamu. Lakini hata fimbo ya kipofu haina fahamu. Fimbo ni mti mkavu. Ukiikata vipande viwili haitalia. Kipofu naye hatatoka damu. Lakini je, utasema hukumfanya kitu? Fahamu iko mkononi mwake, na fimbo ndiyo inayoufikisha mkono mahali usipofika. Kwa farasi ni vivyo hivyo. Mkasi hukata fimbo, ukauacha mkono.

Wako pia wanaosema kwamba nywele huota tena. Kweli huota. Lakini farasi wa maonyesho hupelekwa kwenye maonyesho mara kwa mara, na kila safari hunyolewa upya. Kabla nywele hazijarefuka, mkasi umerudi. Farasi wa namna hiyo huweza kumaliza miaka yake yote mizuri bila ya masharubu.

Na wako wanaosema ni usafi. Hoja hii mjomba mwenyewe alikuwa akiidharau hata zamani zile. Kama uso umechafuka kwa pumba na mate, chukua kitambaa chenye maji ya uvuguvugu upanguse. Ni kazi ya dakika mbili. Hatumnyoi mtoto nyusi kwa sababu amejipaka uji.

Ikibaki hoja moja, ni ya urembo, nayo tuseme wazi kwamba ni urembo wa machoni petu, si wa farasi. Watu walizoea kuona uso mtupu wenye mistari iliyonyooka, wakauita nadhifu. Waamuzi walipenda hivyo, wenye farasi wakataka kuwapendeza waamuzi, na masaisi wakataka kuwapendeza wenye farasi. Hivyo amri ikashuka ngazi kwa ngazi mpaka ikafika kwa mtoto wa miaka 13 mwenye mkasi mkononi. Ukimwuliza kila mmoja kwa nini, atakuonyesha kidole aliye juu yake.

Sitaki kutia chumvi. Siwezi kukuambia kwamba farasi aliyenyolewa hufa njaa au hushindwa kukimbia. Farasi wengi walionyolewa wamekula, wamenenepa na wamezoa vikombe. Hoja yangu ni nyepesi kuliko hiyo. Mnyama amenyang'anywa kitu anachokitumia kila anapokula na kila anapokunywa, na anayefaidika na kunyang'anywa huko ni jicho la mtu aliyeketi jukwaani. Nadhani huhitaji kuwa daktari wa mifugo kuona kwamba hesabu hiyo haikukaa sawa.

Dunia nayo imekuwa ikibadilika polepole. Ujerumani ilikataza unyoaji huu mwaka 1998, na Uswisi ikafuata miaka iliyofuata. Kisha Shirikisho la Kimataifa la Michezo ya Farasi, lenye makao yake Lausanne huko Uswisi, lilitunga kanuni iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2021. Kanuni inasema kwamba farasi aliyekatwa au kunyolewa nywele zake za kuhisi haruhusiwi kushindana katika mashindano yaliyo chini ya shirikisho hilo. Imeacha mlango mmoja tu: daktari wa mifugo anaweza kuondoa unywele fulani ikiwa unamletea farasi maumivu au usumbufu, na sehemu iliyonyolewa kwa sababu ya matibabu haihesabiwi kuwa kosa. Juma la nne la mwezi huo huo wa Julai michezo ya Olimpiki ilifunguliwa Tokyo, na farasi bora wa dunia waliingia uwanjani na masharubu yao. Michezo haikuharibika, wala waamuzi hawakupofuka kwa ubaya wa nyuso walizoziona.

Shirikisho hilo liliundwa mwaka 1921. Ilichukua miaka 100 kamili kufikia neno hili dogo: mwache farasi na masharubu yake. Nami nilipokuwa nikitafakari miaka hiyo 100 nilijiuliza: je, kweli hakuna aliyejua?

Sasa nirudi chini ya mparachichi.

Nilimfuata mjomba nikaketi kando yake. Tulinyamaza kitambo. Kisha nikamwuliza, "Mjomba, unamkumbuka Malkia?"

Akacheka kidogo. "Yule aliyetia pua majini," akasema.

Msikilizaji, miaka mingi imepita. Mjomba wangu husahau siku gani ni ya kliniki na miwani ameiacha wapi. Lakini hilo alikuwa hajalisahau.

Akaanza kunieleza. Akasema farasi akinyolewa leo, kesho asubuhi utakuta pumba zimemwagika chini ya hori lake, zaidi ya siku nyingine. Akasema kwa hiyo alikuwa na desturi zake ambazo hakumwambia mtu. Farasi aliyenyolewa, juma la kwanza alimwekea ndoo pana zaidi, na maji akayajaza hadi juu. Usiku hakumhamisha banda, ili asiingie gizani mahali asipopajua. Na wale ambao hawakuwa wakienda mashindanoni hakuwagusa kabisa. Mwenye farasi akiuliza, alijibu kwamba mkasi umekuwa butu na anangoja kuunoa.

"Mkasi ule ulikuwa butu kwa miaka mingi," akasema, na safari hii alicheka kweli.

Hatukujua kwamba kijana alikuwa amesimama nyuma yetu na bilauri ya maji mkononi. Akauliza kwa sauti ya chini, "Kama ulijua, babu, kwa nini hukuwaambia?"

Mzee hakukasirika tena. "Nimwambie nani?" akasema. "Mimi niliulizwa: farasi amekula? Nikajibu amekula. Farasi amelala? Nikajibu amelala. Hakuna siku hata moja niliyoulizwa farasi anapenda nini na hapendi nini. Na kama ningesema bila ya kuulizwa, kesho angetafutwa saisi mwingine mwenye mkasi mkali, na baba yako angerudishwa nyumbani kwa karo."

Kijana alimpa maji, akaketi.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiyarudia maneno hayo moyoni. Kijana alisema kweli juu ya masharubu, lakini hakusema kweli juu ya babu yake. Mtesaji hawekei ndoo pana. Mjomba alikuwa mtu aliyejua na asiyekuwa na mahali pa kupeleka anachokijua, na tofauti hiyo ni kubwa. Elimu iliyokuja kuandikwa katika kanuni mwaka 2021 ilikuwepo mabandani zamani, mikononi mwa watu waliobeba ndoo. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Aliyelala kitandani alikuwepo, na kunguni aliwajua kwa majina. Hakuulizwa tu.

Lakini pia sitamwachia mjomba wangu aondoke mweupe kama pamba, wala sitajiachia mimi. Neno lile "atazoea" ni neno la hatari. Mnyama huzoea karibu kila kitu, kwa sababu hana la kufanya. Punda huzoea kidonda chini ya tandiko. Mbwa huzoea mnyororo mfupi. Kuzoea kwake si kibali. Mara nyingi tunaposema atazoea, maana yetu ni kwamba sisi ndio tumezoea.

Pengine bado unasema, haya ni mambo ya matajiri wa Karen. Basi tutoke Karen. Huko Lamu, ambako punda hubeba mchanga na mawe ya kujengea katika vichochoro visivyopitika kwa gari, nimewatazama punda kwa karibu. Masharubu yao wanayo, maana hakuna aliyewahi kuona haja ya kuyakata. Maskini huyo ana mizigo yake, lakini pua yake ameachiwa.

Na nyumbani kwako je? Huna farasi, lakini huenda una paka. Paka naye ana masharubu ya namna ile ile, yenye mizizi ile ile, naye huyatumia kupimia njia gizani. Nimewaona watoto wakimshika paka na kumkata masharubu kwa mkasi wa shule, wakicheka, na wazazi wakicheka pamoja nao. Wakati nikiwa mtoto, kijijini kwetu mbwa alikatwa ncha za masikio, eti awe mkali. Sikuwahi kumwona mbwa aliyekuwa mkali zaidi kwa hilo. Niliwaona waliokuwa na inzi masikioni. Tulifanya kwa sababu tulikuta inafanywa.

Kwa hiyo, ikiwa wewe ni saisi, au kijana wako anatafuta kazi kwenye mabanda ya farasi, au una mtoto anayejifunza kupanda farasi, neno langu ni hili. Uso wa farasi usafishe kwa kitambaa chenye unyevu na brashi laini, ukifuata mwelekeo wa malaika. Hatamu iangalie isiyabane masharubu na kuyavunja. Ukiona unywele umepinda na kuingia jichoni, usichukue mkasi. Mwite daktari wa mifugo. Kama mwenye farasi anataka uso mtupu, mwambie kwa adabu kazi ya nywele zile, na kwamba katika mashindano ya kimataifa farasi wake atazuiwa. Hilo la pili huenda likasikika upesi kuliko la kwanza.

Na ikiwa wewe ndiwe mwenye farasi, au mwenye kitu chochote kinachotunzwa na mikono ya mtu mwingine, neno langu ni fupi zaidi. Muulize. Usimwulize tu kama farasi amekula. Muulize farasi anapenda nini, na anakataa nini, na tangu lini. Kisha umngojee akujibu, na akikujibu neno usilolipenda, asipoteze kazi kwa ajili yake.

Wema wa namna nyingi una gharama. Huu wa masharubu hauna hata senti moja. Huhitaji kununua dawa wala kujenga banda. Unatakiwa tu kuuacha mkasi ukutani.

Nimalizie na niliyoyaacha chini ya mparachichi. Tulikaa pale mpaka jua likaanza kuinamia Ngong. Kijana alikuwa kimya muda mrefu, akichorachora udongo kwa kijiti. Kisha akauliza, "Babu, na nywele za ndani ya masikio? Hizo nazo wenzangu huzikata."

Mzee akageuka akamtazama. Nadhani katika miaka yake yote 31 ya kazi, na mingine aliyokwisha kustaafu, hilo lilikuwa swali la kwanza la namna hiyo kuulizwa na mtu aliyetaka kweli kujua jibu.

"Hizo ziache," akasema. "Ndizo mlango wake wa kuzuia inzi na vumbi. Ila zile zinazochomoza nje, lishike sikio ulikunje polepole kama jani, kingo zikutane, ukate zilizopita ukingo tu. Usiingize mkasi ndani. Lete mkono wako hapa nikuonyeshe."

Akalishika sikio la mjukuu wake, akalikunja.